Jicho la Opereta

Ukitaka kujua kama opereta wa mashine nzito anaijua kazi yake au anaigiza, fika saiti kabla hajawasha. Anayeigiza hurukia ngazi, hugeuza ufunguo, na moshi mweusi hupaa juu ya miombo huku vibarua wakimpisha mbio. Mwenye kazi yake huizunguka mashine kwa miguu kwanza, ufunguo ukiwa mfukoni. Anainama kuangalia chini ya injini kama kuna tone jipya la mafuta. Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena. Anagusa cheni kuona imelegea kiasi gani. Anatazama pini za kijiko, meno, na ile mipira ya haidroliki inayopita kwenye mkono wa eskaveta.

Kwenye mipira hiyo ndipo adabu ya kazi inapoonekana. Eskaveta ya kawaida ya barabarani, ya tani 20 hivi, husukuma mafuta kwa mgandamizo unaofikia bar 340. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo. Mpira ukipata tundu dogo kuliko ncha ya sindano, mafuta yanayotoka pale hayaonekani vizuri, lakini hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Kidonda huwa kama kimchubuko tu, maumivu huja baadaye, na mkono unaweza kukatwa. Kwa hiyo opereta aliyefundishwa hapapasi mpira kwa kidole kutafuta uvujaji. Anapitisha kipande cha boksi kandokando yake, na boksi likilowa anajua pa kumwita fundi.

Kisha anapanda, uso ukielekea mashine, viungo vitatu vikiwa vimeshika wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Chai haipandi naye mkononi. Ukiona mtu anashuka kwenye katapila kwa kuruka, mgongo ukiwa kwenye mashine, usimpe kazi ya maana.

Nchi ya Mpanda inafaa kwa kuutazama ufundi huu, kwa sababu mashine ziliingia huku zamani na kazi yake haijaisha. Reli ya tawi kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, ilipasua pori mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Miaka hiyohiyo, kule Urambo upande wa Tabora, Waingereza walikuwa wakifyeka misitu kwa mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, wenye mashamba pia Kongwa na Nachingwea. Walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili ya cheni na kuukokota ili uangushe miti. Walileta hata matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Wanahistoria wana mengi ya kusema juu ya karanga zile. Mimi hufikiria zaidi waliokaa kwenye viti vya chuma, bila kebini na bila kinga ya kichwa, mnyororo ukivuma nyuma yao na miti ikiangukia popote ilipotaka.

Tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012, kazi imezidi: lami ya Tabora hadi Mpanda kupitia Sikonge, Ipole na Koga, barabara ya kwenda Sumbawanga inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, bandari ya Karema kwenye Ziwa Tanganyika, njia ya umeme wa kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Kila moja ya hizi ilianza na mtu kwenye katapila akitazama mti.

Na kuna kuutazama mti. Miombo ya Katavi si msitu wa kusukuma tu. Opereta huanza juu. Je, kuna tawi kavu lililoning'inia? Mtikisiko wa kwanza wa bledi hulishusha moja kwa moja juu ya kebini. Je, kuna mzinga? Inyonga na Mlele yote ni nchi ya asali, na mizinga ya magogo imetundikwa kwenye miti ambayo mpimaji wa barabara ameiwekea alama ya rangi bila kuinua kichwa. Nyuki huchukia ngurumo na mtetemo. Mtu aliyekaa mita mbili na zaidi juu ya ardhi, kwenye mashine inayonguruma, akivamiwa na kundi zima ataruka, na akiruka anaangukia cheni inayozunguka. Mwenye mzinga hutafutwa kwanza, naye huja usiku kuuhamisha. Kazi husimama siku nzima kwa ajili ya mzinga mmoja, na meneja hukunja uso. Opereta anayestahili mshahara wake hamwangalii meneja.

Mti wenyewe haupigwi kumbo. Hukatwa mizizi upande mmoja, kisha wa pili, bledi hunyanyuliwa na kusukuma juu kidogo, taratibu, mpaka mti uanze kulala. Hapo ndipo wageni wa kazi huumia: mti unapolala, shina la chini huinuka na mizizi yake, na katapila iliyosogea mbele mno hujikuta imebebwa kwa mbele. Mwenye ujuzi hurudi nyuma nusu hatua mti unapoanza kuinama, kisha humalizia.

Halafu vichuguu. Kwa mbali ni mlima wa udongo mgumu tu, kumbe ndani mna vyumba na mapango, pengine fisi au nyoka amekwisha hamia. Katapila ikipanda juu yake, upande mmoja unaweza kuzama ghafla. Huchongwa kutoka pembeni, tabaka kwa tabaka, mashine ikikaa kwenye ardhi iliyojulikana.

Lakini kama kuna mashine ya kuistahi kuliko zote, kwangu mimi ni greda. Katapila ina nguvu, eskaveta ina madaha, greda ina hesabu. Bledi yake iko katikati, chini ya tumbo, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na opereta huiongoza kwa wenzo kila upande: huu unainua kushoto, huu kulia, huu unasogeza kando, huu unazungusha, huu unainamisha bledi, huu unalaza magurudumu ya mbele, huu unakunja kiuno cha mashine. Za kisasa zimekusanya yote kwenye vijiti viwili. Wazee wengi waliendesha zile za zamani wakiwa wamesimama, ili waone kisigino cha bledi.

Magurudumu ya mbele yanayolala ndiyo humshangaza mgeni, kwani huonekana kama yamevunjika. Bledi ikiwa imepinda na kumwaga udongo kulia, udongo nao huisukuma pua ya greda kushoto. Opereta hulaza magurudumu kuelekea upande udongo unakokwenda, na mashine hunyooka. Hafanyi hivyo kwa kutazama. Anausikia msukumo kwenye kiti kabla haujaonekana barabarani.

Barabara ya lami hutakiwa kuwa na mgongo katikati, ikiteremka pande zote mbili kwa asilimia 2.5. Kwa njia moja ya mita 3.25, huo ni mteremko wa sentimita 8 hivi tu kutoka katikati hadi ukingoni. Ukipungua, maji ya Desemba yanasimama, yanaingia chini ya lami, na mwaka wa pili kuna shimo. Mpimaji ameweka vigingi vyenye alama, lakini kati ya kigingi na kigingi hakuna kitu isipokuwa jicho. Katika kupitisha mara ya mwisho greda huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na bledi hunyoa unene wa kidole: hapa inaacha, pale inachukua, utadhani kinyozi kwenye kichwa cha mtoto aliyelala. Kisha opereta anashuka, anapiga magoti, anatazama uso wa tabaka jua likiwa chini. Kivuli humwonyesha alipokosea.

Hatari kubwa ya greda iko nyuma. Siku nzima ni mbele na nyuma, na nyuma ndiko waliko watu: mpimaji anayeokota vigingi, kijana wa maabara anayechimba kashimo kupima ushindiliaji, kibarua anayetupa mawe makubwa pembeni. King'ora cha kurudi nyuma kinasaidia saa ya kwanza, baadaye masikio yanakizoea. Kwa hiyo opereta mzuri huhesabu watu. Kabla ya kurudi anajua ni wangapi waliokuwa nyuma yake, na hesabu isipotimia anasimama.

Rola inadharauliwa, kazi ya kwenda na kurudi, nayo inaua. Kwenye tuta refu hushindiliwa kuanzia pembeni kuelekea katikati, na pembeni ndiko udongo bado mlegevu. Gurudumu la chuma likivuka ukingo, rola hulala upande. Juu ya kiti kuna fremu ya chuma iliyowekwa kwa siku hiyo, lakini haifai kitu bila mkanda. Aliyejifunga hubaki ndani ya fremu. Asiyejifunga huruka, na mara nyingi huruka upande uleule inakoangukia mashine.

Eskaveta nayo ina mkia. Uzito wa nyuma huzunguka pamoja na kebini, na nafasi kati yake na ukuta wa mchanga, au lori lililoegeshwa, hujifunga kwa sekunde mbili. Upande wa kulia mkono wa mashine humziba opereta macho. Ndiyo maana penye watu huwekwa mtu mmoja wa kumwelekeza kwa ishara. Wakielekeza wawili wanamchanganya. Ila ishara ya kusimama huipokea kwa yeyote, hata kwa mama lishe aliyeleta vitumbua. Na asipomwona mwelekezaji wake, mikono inatoka kwenye vijiti.

Itazame ikiweka kalavati. Bomba la zege la kipenyo cha milimita 900 lina zaidi ya nusu tani kwa kila mita moja. Mashine imesimama cheni zake zikielekea mtaro, si sambamba nao, ili ukingo ukianza kumeguka iweze kurudi nyuma moja kwa moja. Udongo uliochimbwa umewekwa mbali na ukingo, kwa sababu mita moja ya ujazo ni tani moja na nusu au zaidi na huusukuma ukuta wa mtaro. Bomba linashuka kwa mnyororo, hakuna mtu chini yake. Linapogusa kitanda cha mchanga ndipo fundi anaingia kulinyoosha, na opereta anaufunga ule wenzo wa kushoto unaokata haidroliki yote, hata akigusa kijiti kwa kiwiko hakuna kinachosogea. Huufunga kila mara, bila kuambiwa. Nimeona wanaouona usumbufu, na siwaamini hata kidogo.

Kuna mambo ya Katavi ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha mashine. Mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na mashine humpendeza kuliko ng'ombe. Akiingia kebini anauma shingoni, mkono unaachia wenzo kumpiga, na kijiko kimebeba mawe. Kioo kufungwa na kipoza hewa kufanya kazi huonekana anasa kwa wanaokaa ofisini. Vumbi la Agosti humeza mtu aliye mita kumi, kwa hiyo boza la maji lisipokuja kazi isimame. Wafugaji huvusha mifugo kati ya tipa na greda. Na kuelekea Sitalike tembo huvuka pale anapotaka, na hapo mashine huzimwa, hakuna honi.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri, na wakaguzi wa OSHA hupita. VETA na vyuo vya ujenzi hufundisha uopereta. Tatizo ni deiwaka. Opereta anakwenda mjini kushughulikia mambo yake, anamwachia spana boi ufunguo, na kijana amekuwa akitazama miezi sita, anajua kila kijiti kinafanya nini. Hajui tu nini cha kutofanya, na hilo halionekani kwa kutazama. Kampuni inayovumilia deiwaka haina opereta, ina bahati.

Mvua za Novemba ndizo huchuja. Udongo mweusi wa mbuga za bonde la Katuma, uliokuwa na nyufa za kuingiza mguu wakati wa kiangazi, huvimba na kuwa utelezi usio na chini. Eskaveta ikizama, anayeigiza huongeza mafuta na cheni zikachimba kaburi lake. Mwenye kazi huacha kuzungusha. Anakanyaga ardhi kwa kijiko, anainua upande mmoja, vijana wanatupa magogo chini ya cheni kijiko kikiwa kimetulia, kisha upande wa pili, kisha anajivuta kwa mkono wa mashine, nusu mita, nusu mita.

Ila aliye bora zaidi hazami. Mhandisi ana ratiba, ng'ambo kuna kalavati inasubiri, na anataka mashine ivuke leo. Opereta anashuka, anakata fito ndefu, anatembea kwenye njia yenyewe akichoma tope mpaka fito igome. Anarudi na kumwonyesha pale tope lilipofikia. Mara nyingi hawajibizani sana. Mhandisi anapiga simu kuuliza tipa za mawe ziko wapi.