Kauri na Udongo wa Basra

Neno kauri katika Kiswahili lina maana mbili: kombe dogo la baharini, na chombo cheupe cha Uchina. Waitalia nao walikiita chombo hicho porcellana, kwa jina la kombe lilo hilo. Lakini twakosea tukiita kauri kila kigae cheupe kifukuliwacho katika magofu ya pwani yetu.

Vigae vya Basra vya karne ya 9, vilivyopatikana Manda na Shanga, si kauri. Vunjiko lake laonyesha udongo laini wa rangi ya manjano, na juu yake utando wa kioo uliotiwa bati. Bati ndilo lifanyalo weupe.

Yasemekana kwamba hivyo ni viigizo duni vya Kichina. Ni kweli kwamba mfinyanzi wa Basra aliiga, kwa kuwa hakuwa na udongo mweupe wala tanuu la moto mkali kama la Uchina. Lakini juu ya weupe ule alichora majani na maandishi ya Kiarabu kwa buluu ya kobalti, nayo ilizama katika utando, kingo zikalegea. Huo si uigaji tena. Buluu juu ya nyeupe ilikuja kuwa fahari ya Uchina katika karne ya 14. Na Waholanzi wa Delft, katika karne ya 17, waliiga kauri hiyo kwa ufundi wa bati uliotoka Basra.

Basi vyombo hivi na viitwe udongo wa bati. Tukiviita kauri, twamnyima mfinyanzi kazi yake.