Jina kwenye Ukanda wa Ngozi

Gregori, askofu wa Tours katika karne ya 6, anasimulia habari za baba yake, ambaye mfalme Theudebert alimpeleka mbali na kwao kama mateka. Kabla ya kuondoka, kijana huyo aliyekuwa ameoa karibuni alimwomba padri mmoja masalia ya watakatifu yamlinde njiani. Alipewa majivu, akayatia ndani ya kidani cha dhahabu, akasafiri nayo. Aliporudi alikuwa akisimulia jinsi yalivyomwokoa katika hatari nyingi, ila majivu yale yalikuwa ya nani hakuweza kusema. Kidani kikapita kwa mkewe, kisha kikafika kwa Gregori mwenyewe, naye akakiandika katika kitabu chake cha utukufu wa mashahidi bila kutaja jina la mtakatifu hata mmoja.

Kwa familia, hilo lilitosha. Kwa kanisa halikutosha. Mtakatifu alikuwa na sikukuu yake katika kalenda, sala zake na altare yake, na hayo yote yalisimama juu ya jina. Mwaka 401 mtaguso wa maaskofu wa Afrika uliokutana Karthago uliagiza kwamba altare za mashahidi zilizojengwa ovyo, pasipo mwili wala masalia yaliyothibitika, zibomolewe. Mwaka 787 mtaguso wa pili wa Nikea ukadai kila kanisa linalowekwa wakfu liwe na masalia. Kadiri makanisa yalivyoongezeka, ndivyo vifurushi vidogo vya mifupa, vumbi na nyuzi vilivyozidi kupita mikononi mwa watu, na kila kimoja kilihitaji kitu cha kukitambulisha. Kitu hicho kilikuwa lebo: ukanda wa ngozi ulioandikwa kwa Kilatini.

Mahali pazuri pa kuziangalia lebo hizi kwa karibu ni Chelles, mashariki mwa Paris. Huko malkia Balthild, mwanamke aliyeletwa kutoka Uingereza akiwa mtumwa kisha akaolewa na mfalme Clovis wa Pili, alianzisha monasteri ya watawa wa kike katika karne ya 7. Monasteri ilifutwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, lakini makasha ya masalia yalinusurika na kubaki katika kanisa la parokia. Yalipofunguliwa na kuchunguzwa mwaka 1983, zilipatikana humo lebo zaidi ya 130 zilizoandikwa kati ya mwisho wa karne ya 7 na karne ya 9. Ni nadra sana kupata maandishi mengi hivyo ya enzi hiyo, yote kutoka nyumba moja.

Lebo yenyewe ni kitu duni. Ngozi nzuri ilitunzwa kwa ajili ya vitabu. Lebo ilikatwa kutoka kwenye mabaki, vile vipande vya pembeni ambavyo havikufaa kuwa ukurasa. Nyingi zina upana wa kidole tu, na ukingo wake umepinda kufuata umbo la kipande. Juu yake pana mstari mmoja au miwili ya wino. Masalia yalifungwa katika kitambaa cha kitani, au cha hariri pale hariri ilipopatikana, kikazungushiwa uzi, na ukanda ukafungwa pamoja nacho au ukatiwa ndani. Kisha kifurushi kikaingia kashani, kasha likafungwa, na maandishi yale hayakuonwa tena na mtu, pengine kwa miaka mia kadhaa.

Ndani ya kifurushi, mara nyingi hapakuwa na mfupa. Mwaka 594 Papa Gregori Mkuu alimjibu malkia Konstantina wa Konstantinopoli, aliyekuwa ameomba kichwa cha Mtume Paulo kwa ajili ya kanisa jipya la jumba lake. Papa alikataa. Alimweleza kwamba Warumi hawagusi miili ya watakatifu. Wao hutia kitambaa ndani ya kijisanduku, wakakiweka karibu na kaburi, kisha kitambaa hicho ndicho kinachopelekwa kwenye kanisa linalotaka kuwekwa wakfu. Utaratibu huo uliyaacha makaburi salama, lakini ulizaa ugumu wa aina yake. Mfupa angalau unajulikana kuwa mfupa. Kitambaa kilicholala kando ya kaburi la Petro hakina tofauti yoyote na kitambaa kilicholala dukani. Vivyo hivyo kokoto ya Yordani, mafuta ya taa iliyowaka mbele ya kaburi, au vumbi lililofagiliwa karibu nalo. Kwa masalia ya namna hiyo, jina likipotea hakuna uchunguzi wowote utakaolirudisha.

Maneno ya lebo yalikuwa machache na yalirudiarudia muundo uleule. Kwa kawaida: hic sunt reliquias sancti, yaani hapa kuna masalia ya Mtakatifu, kisha jina. Lebo nyingine ziliacha hata utangulizi huo zikataja jina peke yake. Kama masalia yalihusu mahali au kifaa, kiliandikwa kihusishi de na kitu chenyewe: kutoka kaburi la Bwana, kutoka mti wa msalaba. Neno "mtakatifu" halikuandikwa kwa ukamilifu, zilitiwa herufi tatu, sci, na kistari juu yake, kama vile leo mbao za parokia zetu zinavyoandika "Mt. Petro" na kila mpita njia akaelewa. Ukanda mwembamba ulidai kubana hivyo.

Mwanafunzi wa Kilatini atashtuka kidogo. Sarufi ya vitabuni inataka reliquiae mahali hapo, wala si reliquias. Lakini waandishi wa Gaul, yaani Ufaransa ya kale, waliandika kama walivyosema na kusikia, na kwa kuwa lebo haikuandikwa isomwe hadharani, hakuna mwalimu aliyeipitia na kuisahihisha. Hapo ndipo thamani yake ilipo kwa wanaochunguza lugha. Vitabu vya enzi ile vilinakiliwa tena na tena, na kila mnakili alinyoosha kidogo sarufi ya aliyemtangulia. Ukanda wa Chelles umebaki vilevile ulivyotoka kwenye kalamu.

Yasiyokuwemo nayo yanasema mengi. Lebo haina tarehe. Haina jina la mwandishi, saini wala muhuri. Baadaye sana, hasa baada ya Mtaguso wa Trento kuamua mwaka 1563 kwamba masalia mapya yasipokelewe bila idhini ya askofu, hati zenye muhuri zikawa jambo la kawaida. Mtawa wa karne ya 8 hakuwa na chombo hicho. Lebo yake iliaminiwa kwa sababu nyumba iliyoitunza iliaminiwa, na kasha lilikuwa limefungwa.

Bila tarehe, umri hupimwa kwa mwandiko. Hapa kazi inahitaji jicho kali, maana mtaalamu ana maneno matatu au manne tu ya kufanyia uamuzi. Mwandiko wa kukokota wa enzi ya Wamerovingi, ukoo wa kifalme uliotangulia ule wa Charlemagne, wenye herufi zilizobanana na kushikana, ni wa mapema. Herufi za duara zilizotenganishwa, zilizonyooshwa wakati wa mfalme Charlemagne, ni za mwisho wa karne ya 8 na kuendelea. Chelles ina bahati kwamba mwandiko wake wenyewe unajulikana. Mtaalamu wa Kijerumani Bernhard Bischoff alionyesha kwamba vitabu vya ufafanuzi wa Zaburi wa Agostino, vilivyoagizwa na askofu mkuu Hildebald wa Köln, vilinakiliwa na kundi la watawa wa kike walioacha majina yao humo, na akawatambua kuwa ni wa Chelles. Siku hizo mkuu wa monasteri alikuwa Gisela, dada yake Charlemagne. Kwa hiyo mchunguzi anaweza kuweka lebo kando ya kurasa hizo na kuuliza: huu ni mkono wa nyumbani, au wa mgeni?

Swali hilo linagawa lebo katika makundi. Kuna iliyokuja na zawadi, ikiwa imeandikwa na aliyetoa masalia. Kuna iliyoandikwa Chelles siku kifurushi kilipofungwa. Na kuna nakala: lebo ya zamani ilichakaa, au kasha jipya likatengenezwa, mtu akasoma ukanda wa kale na kuuandika upya. Kundi hili la tatu ndilo linalowatesa wachunguzi. Mwandiko wa karne ya 9 unaweza kubeba habari ya masalia yaliyofika miaka 150 kabla, na palipokuwa na herufi ngumu kusomeka, mnakili aliweza kumzalisha mtakatifu ambaye hajawahi kuwepo.

Njia bora ya kuziba tundu hilo ilikuwa kuweka kumbukumbu mbili. Mfano wake uko Monza, kaskazini mwa Italia. Katika siku za Papa Gregori Mkuu, mtu aliyeitwa Yohane alizunguka makaburi ya mashahidi wa Roma akikusanya mafuta ya taa zilizowaka mbele yake, kwa ajili ya Theodelinda, malkia wa Walombardi. Mafuta yaliwekwa katika vichupa vya kioo, na kila kichupa kikapewa lebo ya mafunjo yenye majina ya mashahidi wake. Pamoja na lebo hizo ipo orodha kuu, nayo ya mafunjo, inayotaja majina na kumalizia kwa jina la Yohane, la papa na la malkia. Vyote viwili vimebaki katika hazina ya kanisa kuu la Monza. Lebo ikififia, orodha ipo. Na majina yakiwa yamepangwa pamoja kwa kufuata makaburi, watafiti wameweza kukisia Yohane alipita barabara zipi nje ya kuta za Roma. Kwa kazi ya karibu miaka 1,400 iliyopita, huo ni utunzaji wa kumbukumbu wa kustahili heshima.

Njia nyingine ilikuwa kuacha ukanda kabisa. Katika hazina ya kikanisa cha mapapa kule Laterani, Roma, iliyofunguliwa na kuchunguzwa mwaka 1905, kulikuwa na kisanduku cha mbao cha karne ya 6 chenye mawe na vipande vya mti kutoka Nchi Takatifu, na baadhi yake vimeandikwa jina la mahali kwa Kigiriki moja kwa moja juu yake. Jina halitengani na jiwe. Ila majivu na nyuzi haziandikiki, ndiyo maana ukanda na uzi viliendelea kutumika.

Siku hizi lebo hizi zinatafutwa hata na wanaofuatilia biashara na safari. Mwanahistoria Michael McCormick, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu chimbuko la uchumi wa Ulaya, alizitumia zile za Chelles na za kanisa kuu la Sens, pia huko Ufaransa, kama ushahidi wa mawasiliano: kila ukanda unaotaja mji wa mbali unaonyesha kwamba kitu fulani, mikononi mwa mtu fulani, kilifunga safari hiyo. Hoja hiyo ina nguvu, mradi kila lebo ipitishwe kwanza kwenye swali la mkono wa nyumbani, wa mgeni au wa mnakili, kwa sababu wino unatoa tarehe ya kuandikwa tu. Tarehe ya kuwasili itafutwe kwenye kitambaa, kwenye fundo la uzi, na kwenye vifurushi vingine vilivyolala katika kasha hilohilo.