Siku 12 Hadi 14

Septemba 29, 1935, vipande vya miili vilionekana kwenye korongo karibu na Moffat, Uskoti, vikiwa na mabuu. Mabuu hayo yalipelekwa kwa Alexander Mearns wa Chuo Kikuu cha Glasgow. Aliyatambua kuwa ya nzi wa buluu, akapima ukuaji wake, akatoa jibu kuhusu umri wake: siku 12 hadi 14. Katikati ya mwezi huo wanawake wawili wa nyumba moja mjini Lancaster walikuwa wametoweka. Mwenye nyumba, Daktari Buck Ruxton, alinyongwa kwa mauaji Mei 1936.

Ninamsifu Mearns kwa kupatia, lakini zaidi kwa kutodai siku moja.

Muda wa kifo haupimwi kirahisi. Maiti hupoa, ila mnene hupoa polepole kuliko aliyekonda. Misuli hukakamaa baada ya saa chache, kisha hulegea, na joto kali huharakisha kukakamaa na kulegea huko. Siku kadhaa zikipita, mwili huwa umebakiwa na machache ya kueleza, na hapo ndipo nzi wanapotegemewa. Mtaalamu huokota mabuu makubwa kuliko yote, maana ndiyo yaliyotangulia. Mengine huyaua kwa maji ya moto na kuyahifadhi kwenye spiriti. Mengine huyalea mpaka yawe nzi, apate kujua ni wa aina gani. Kisha hutafuta halijoto ya siku zote zilizopita, kwa kuwa penye baridi buu huchelewa kukua. Baada ya taabu yote hiyo, anachopata ni muda wa chini tu. Pengine mvua, usiku au mlango uliofungwa ulimchelewesha nzi wa kwanza.

Mwaka 1959 huko Ontario, Kanada, daktari alitazama chakula kilichokuwa tumboni mwa msichana aliyeuawa, akatamka kwamba alikufa kati ya saa 1:15 na saa 1:45 jioni. Nusu saa! Tumbo haliwezi kusema hivyo. Hofu peke yake hutosha kuchelewesha mmeng'enyo. Nusu saa hiyo ilimwangukia Steven Truscott, mvulana wa miaka 14, akahukumiwa kunyongwa, adhabu iliyobadilishwa baadaye kuwa kifungo cha maisha. Mahakama ya Rufaa ilimfutia hatia mwaka 2007.

Enyi mawakili, mahakimu na waandishi wa habari, msimbane daktari ataje saa. Akisema kati ya jana mchana na usiku wa manane, andikeni hivyo hivyo.