Wimbi la Juu au Wimbi la Uso?

Mfasiri wa vitabu vya ufundi anapokutana na wimbi lile alilolieleza Lord Rayleigh wa Uingereza mwaka 1885, upesi huvutwa kuandika "wimbi la sauti la juu". Istilahi hiyo haifai hata kidogo. Kwa Kiswahili sauti ya juu ni sauti kali, ya mtu apazaye. Haimwelekezi mwanafunzi kwenye uso wa kitu, na hapo fizikia yenyewe hupotea.

Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa watufundisha vizuri zaidi. Upepo wa kusi ukivuma, mawimbi hufika Itungi na Matema kwa nguvu ya kuuyumbisha mtumbwi, hali kilindini, katika ziwa lenye kina cha mita 700 hivi, hayafiki. Nguvu yake imekaa karibu na uso. Ardhi nayo ina mawimbi ya jinsi hiyo, na matetemeko kama yale ya Karonga ya Desemba 2009, ng'ambo ya mto Songwe kutoka Kyela, huyazalisha.

Kifaa tunachokitafutia majina ni kipande cha fuwele. Juu yake pana vidole vyembamba vya metali vilivyoingiliana kama meno ya vitana viwili, njia waliyoionyesha White na Voltmer mwaka 1965. Antena ikipokea wimbi la redio, vidole huugeuza umeme kuwa mtetemo, nao hutambaa usoni mwa fuwele kwa mwendo wa mita 3,500 hivi kwa sekunde, yaani polepole zaidi ya mara 80,000 kuliko redio. Njiani hukuta viakisi vilivyopangwa kwa umbali maalumu. Kila kiakisi hurudisha mwangwi wake, na kuchelewa kwa kila mwangwi ndiko kunakobeba habari: kiakisi kilicho milimita 3.5 mbali hujibu baada ya mikrosekunde 2. Betri haihitajiki. Mnunuzi akikigonga kwa kidole chungu cha Wakisi pale Matema, mlio humwambia kama kina ufa; fuwele nayo haisemi ila igongwapo.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaotaka kuita kazi hii "kufumba". Fumbo huficha, na hapa hapana kinachofichwa. "Kusimba" na "msimbo" vyatosha; wanaocheka kwa kumkumbuka mnyama wa porini watazoea, kama walivyokizoea kipanya kisichokula mahindi.

Neno "sauti" lina tatizo kubwa zaidi. Mitetemo hii yaweza kufika mamia ya mamilioni kwa sekunde, na sikio la mwanadamu huishia 20,000 hivi. Twapendelea "mtetemo-uso". Tutaulizwa mbona tunabakiza "mwangwi", nao pia hausikiki. Tunaubakiza kwa sababu maana yake ya kurudi ndiyo kiini cha kifaa kizima. Maana ya kusikika yaweza kuachwa.

Pendekezo la "chale" badala ya "kiakisi" lilitupendeza mno, maana chale huchanjwa usoni na humtambulisha mtu. Lakini viakisi vingi ni vipande vya metali vilivyobandikwa, si mikato, na fundi atakayesoma "chale" atatafuta wembe.