Pigo la vituo vitatu

Kwetu Kalemie mpira ni wa miguu, na gongo la besiboli wengi wameliona kwenye simu tu. Majirani zetu wa Uganda wametutangulia: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza kwenye mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani. Katika mchezo huo kuna kazi moja ninayoipenda kuliko zote, nayo ni pigo la vituo vitatu, yaani pigo linalomfikisha mpigaji mwenyewe hadi kituo cha tatu.

Mpigaji anautafutia mpira mwanya kati ya walinzi wawili wa nyuma, hasa upande wa kulia, kwa kuwa huko ndiko mbali na kituo cha tatu. Ukiruka uzio, atazunguka vituo bila haraka. Ukidunda ndani na kubingirika hadi ukutani, hapo ndipo kazi inapoanza.

Analiachia gongo na kuondoka kwa hatua fupi, kifua kimeinama. Kabla ya kufika kituo cha kwanza anatanuka kidogo kwa nje, kisha anakata kona: bega la kushoto linashuka, mguu unakanyaga pembe ya ndani ya kituo, na mwendo haupungui. Asiyefundwa hukimbia moja kwa moja, akafika, ndipo akageuka. Hatua alizopoteza hapo hazirudi. Kituo hadi kituo ni mita 27 na ushee, vyote vitatu ni kama mita 82. Akikaribia cha pili, mpira uko nyuma yake na hageuki kuutazama. Macho yako kwa kocha aliyesimama karibu na kituo cha tatu. Mkono wa kocha ukizunguka, aendelee. Viganja vikiinuka, asimame. Mwishoni anajitupa chini na kuteleza, mguu mmoja umekunjwa chini ya paja, mwingine umenyooka, na unagusa kituo kabla glavu haijamgusa yeye.

Mwaka 1912 Chief Wilson wa Pittsburgh Pirates alifanya hivyo mara 36. Uwanja wao, Forbes Field, ulimsaidia, maana ukuta wa katikati ulikuwa zaidi ya mita 130 kutoka kwa mpigaji. Hakuna aliyeifikia hesabu hiyo hadi leo. Mwaka 2024 Corbin Carroll na Jarren Duran waliongoza kila mmoja kwa 14. Lakini Wilson mwenyewe, katika miaka yake mingine yote, hakuwahi kufika 15.

Kwa hiyo ninayemvulia kofia ni Sam Crawford, aliyekuwa akijifunza unyozi kule Nebraska kabla mpira haujamchukua. Alipiga kwa kushoto, kama Wilson, na anayepiga hivyo husimama hatua moja au mbili karibu zaidi na kituo cha kwanza. Faida hiyo ndogo aliitumia kuanzia 1899 hadi 1917, akajikusanyia mapigo 309 ya vituo vitatu. Ty Cobb, mwenzake katika timu ya Detroit, anamfuata kwa 295. Crawford aliongoza ligi mara 6: ya kwanza mwaka 1902, ya mwisho mwaka 1915, akiwa na miaka 35, umri ambao miguu ya wengi imekwisha kukataa kona ya pili.