Kumjua Potwe kwa Nukta Zake

Kuanzia Oktoba hadi Machi, papa potwe huonekana karibu na uso wa maji mbele ya Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia. Wanafuata uduvi. Samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye akikomaa anaweza kupita urefu wa mita 12, anaishi kwa kuchuja vitu vidogo kuliko ukucha, na chakula hicho humleta kwenye maji yale yale ambamo wavuvi wa dagaa hutupa nyavu zao. Wengi wanaoonekana hapa ni madume machanga. Mtafiti anayewafuata ana swali fupi: wako wangapi? Hakuna anayeweza kuwapanga potwe mstari awahesabu. Kabla ya kujua idadi yao ni lazima amjue kila mmoja, na kumjua mmoja ni kazi ya mikono, macho na hesabu, ambayo nilipata bahati ya kuitazama kwa karibu.

Kazi huanza kwa nahodha. Yeye ndiye anayesoma maji, anayetofautisha kivuli cha wingu na kivuli cha mgongo. Akishamwona samaki haendi juu yake. Huzunguka kwa mbali, hukisia njia yake, kisha huzima mashine mbele kidogo, ubavuni mwa njia hiyo. "Dada, huyo anakuja kwako," husema, na mtafiti, aliyekwisha kuvaa miwani na mapezi, huteleza majini polepole bila kurusha maji. Halafu hutulia. Potwe hawindwi, huachwa aje mwenyewe.

Kamera haiinuliwi mara moja. Mtafiti huogelea sambamba na samaki, mita chache kutoka ubavuni, mpaka mwendo wa mapezi yake ukubaliane na mwendo wa mkia ule mkubwa. Anachokitafuta ni sehemu moja tu ya mwili: ubavu wa kushoto, kuanzia mpasuo wa tano wa matamvua, ulio wa mwisho, hadi nyuma kidogo ya pezi la kifuani. Imechaguliwa kwa sababu. Mkia unapinda kila unapopiga maji, na madoa yaliyo juu yake hupinda pamoja nao. Kichwa kina mviringo unaodanganya lenzi. Lakini ngozi iliyo nyuma ya matamvua hutulia hata samaki anapoogelea, na madoa meupe yaliyo hapo hayabadiliki mpangilio kwa miaka mingi. Ubavu wa kulia una mpangilio wake tofauti, kwa hiyo watafiti wa nchi mbalimbali walikubaliana kuanza na wa kushoto, ili picha ya Mafia iweze kulinganishwa na picha ya Msumbiji.

Lenzi lazima iutazame ubavu moja kwa moja. Ikikaa mshazari, madoa yaliyo mbali yatasogeleana na hesabu ya baadaye itaharibika. Kwa hiyo hungoja. Samaki akiinamisha bega, habonyezi. Mwanga wa jua ukicheza juu ya ngozi na kuchora mistari isiyo yake, habonyezi. Mpaka ubavu unyooke, maji yatulie na mpasuo wa tano uonekane wote, juu hadi chini, ndipo apige picha, moja, mbili, tatu. Kisha hupitia upande wa pili kupiga ubavu wa kulia, na hushuka kidogo kutazama tumboni: dume ana viungo viwili vya uzazi nyuma ya mapezi ya chini, jike hana. Kovu la panga la boti, ncha ya pezi iliyokatika, yote huandikwa hapo hapo majini kwa penseli juu ya kibao cha plastiki.

Kamera yenyewe imefungwa kwenye fremu yenye leza mbili, moja kila upande, zinazotoa miale sambamba iliyoachana kwa sentimita 50. Kabla ya kwenda baharini hupimwa nchi kavu: mtafiti humulika ukuta kwa karibu, kisha kwa mbali, na kwa rula huhakikisha kwamba vidoa viwili vya kijani vimebaki sentimita 50 kila mahali. Vikitofautiana hata kidogo, hulegeza skrubu na kuanza upya. Faida yake huonekana baadaye. Kama kwenye picha vidoa hivyo vimeachana kwa pikseli 250, na kutoka mpasuo wa tano hadi mwanzo wa pezi la mgongoni kuna pikseli 750, basi umbali ule kwenye mwili wa samaki ni mita moja na nusu. Kutoka hapo, kwa uwiano uliopatikana kwa kupima potwe wengine, urefu wote wa mwili hukadiriwa. Samaki hajaguswa, naye amepimwa.

Jioni kazi huhamia mezani. Picha huchambuliwa moja moja, na nyingi huachwa: hii imekaa mshazari, hii ina povu, hii matamvua yamefichwa na samaki mdogo anayeogelea chini ya potwe. Inayobaki hukuzwa kwenye kioo cha kompyuta. Kwanza mtafiti huweka alama tatu za kuongoza: ncha ya juu ya mpasuo wa tano, ncha yake ya chini, na mahali kwenye ubavu palipo sawa na mwisho wa pezi la kifuani. Halafu huanza kuweka nukta. Kila doa jeupe hupewa nukta moja, katikati yake kabisa. Doa la mviringo ni rahisi. Doa refu humlazimu akuze picha zaidi, atafute kiini chake, aweke nukta, aipunguze picha tena aone kama macho yake hayakumdanganya. Mahali ambapo madoa mawili yamegusana hukaa zaidi, kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo, hasogezi mkono mpaka jicho liwe na hakika. Taa ya mezani huwaka muda mrefu kwa ajili ya ngozi isiyozidi upana wa mlango.

Njia inayofuata ilizaliwa kwenye elimu ya nyota. Mwaka 1986 Edward Groth, mtaalamu wa Marekani, alichapisha utaratibu wa kulinganisha orodha mbili za nukta, kwa mfano nyota zilizomo kwenye picha mbili za anga moja, hata kama picha moja imekuzwa au kuzungushwa kuliko nyingine. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, mtaalamu wa fizikia ya anga, Jason Holmberg, mtunzi wa programu, na Brad Norman, mwanabiolojia wa bahari wa Australia, walionyesha kwamba utaratibu huo huo unafaa kwa madoa ya potwe. Kwa hesabu, doa jeupe juu ya ngozi ya kijivu na nyota juu ya usiku ni nukta tu.

Msingi wake ni pembetatu. Chukua nukta tatu zozote uziunganishe. Gawanya upande mrefu kuliko yote kwa ule mfupi kuliko yote, upate uwiano. Chukua pia kosini ya pembe iliyo kati ya pande hizo mbili. Mwishowe tazama: ukitoka upande mfupi kwenda wa kati hadi mrefu, unafuata mshale wa saa au unakwenda kinyume chake? Mambo haya matatu hayajali kama picha ilipigwa karibu au mbali, wala kama kamera ilikuwa imezungushwa kidogo. Pembetatu hubaki na umbo lake. Nukta 15 hutoa pembetatu 455. Nukta 30 hutoa 4,060. Mkono wa mtu hauwezi kuzilinganisha zote na za mamia ya samaki wengine, lakini kompyuta inaweza, na hapo ndipo kazi ya mezani inapolipa. Kompyuta huruhusu tofauti ndogo kati ya pembetatu mbili, na ukubwa wa ruhusa hiyo hutegemea jinsi nukta zilivyowekwa. Nukta iliyowekwa kizembe hupanua mlango, na wasiohusika huingia.

Bado pembetatu nyingi zitafanana kwa bahati tu. Utaratibu una njia nzuri ya kuziondoa. Kama picha ya pili ilipigwa kwa karibu zaidi, tuseme mara moja na nusu, basi kila pembetatu ya kweli itakuwa na mzingo uliokua mara moja na nusu. Zile zilizofanana kwa bahati zitasema kila moja lake: hii mara mbili, hii nusu, hii mara tano. Zinazokubaliana hubaki, zinazotofautiana hutupwa. Kisha kila pembetatu iliyobaki hupigia kura nukta zake tatu, na nukta zilizopata kura nyingi ndizo zinazotajwa kuwa doa lile lile kwenye picha zote mbili.

Mwisho wa hesabu ni orodha ya samaki wanaofanana na huyu, kuanzia anayefanana zaidi. Programu haitoi hukumu. Mtafiti hufungua picha mbili kando kwa kando na kuzisoma upya kwa macho: doa hili pacha liko hapa, mstari huu mfupi uko pale, nafasi hii tupu ipo kwenye zote mbili. Asipoona mambo kadhaa yanayokubaliana, hakubali, hata kama kompyuta imeweka jina hilo juu kabisa. Kisha humwita mwenzake atazame bila kuambiwa jibu la kwanza. Wakikubaliana, samaki hupewa namba aliyokuwa nayo tangu aonekane mara ya kwanza. Asipopatikana popote, kushoto wala kulia, huandikishwa kuwa mgeni. Na picha isiyotosha huwekwa kando bila namba. Nililitazama faili hilo la picha zisizo na namba kwa heshima kubwa, kwa maana ni rahisi sana kulipunguza kwa kukisia.

Kwa nini uangalifu wote huu kwa samaki mmoja? Jibu lipo kwenye kanuni ya zamani ya kuhesabu wanyama wasioonekana wote kwa pamoja. Tuseme msimu wa kwanza watafiti walitambua potwe 40. Msimu wa pili walipiga picha potwe 30, na 20 kati yao walikuwa wale wa zamani. Zidisha 40 kwa 30, gawanya kwa 20: makadirio ni potwe 60. Sasa tuseme nukta moja mbaya imefanya samaki mmoja wa zamani aandikwe kuwa mgeni. Wanaorudi wanakuwa 19, na makadirio yanapanda hadi 63. Potwe watatu wasiokuwepo wameingia baharini kwa kosa la mezani. Kanuni zinazotumika leo ni pana zaidi, maana hukubali kwamba samaki hufa, huhama na hurudi, lakini zote zinaegemea jambo lile lile: kwamba yule aliyeitwa huyu ndiye huyu.

Picha peke yake zina mpaka wake, na mtafiti mzuri huujua. Kwa hiyo potwe kadhaa wa Mafia waliwekewa vifaa vidogo vinavyotoa sauti isiyosikika kwa masikio ya binadamu, kila kimoja kwa mpangilio wake, na vipokezi vikatiwa nanga chini ya bahari kuwasikiliza. Hapa elimu ya vitu ina kazi yake: betri lazima idumu kwa muda mrefu bila kubadilishwa, gamba lisipitishe maji, chuma kinachoshika ngozi kisiliwe na chumvi. Mzamiaji hushuka kila baada ya muda, husugua viumbe vilivyoota juu ya kipokezi, hukipandisha, husoma kumbukumbu zake, hukirudisha mahali pake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba hata katika miezi ambayo hakuna anayewaona, wengi wao walikuwa bado karibu na Mafia. Walikuwa wamesogea mbali kidogo na ufukwe na kushuka kwenye maji ya kina zaidi. Anayetegemea macho tu angeandika kwamba wamekwenda zao. Kwa kuwa kila samaki alikuwa na jina, ukimya wa uso wa maji ulipata maelezo.

Mwaka 2016 potwe aliwekwa kwenye daraja la wanyama walio hatarini kutoweka duniani. Ni samaki anayekua polepole, na akipungua hawezi kurudi kwa haraka. Wanaoamua juu ya nyavu, boti za watalii na maeneo ya hifadhi wanahitaji idadi, na watu wanaoishi kwa bahari hiyo wana haki ya kuiuliza idadi hiyo ilitoka wapi. Kwa kazi niliyoitazama, jibu lipo. Kutoka kwenye idadi unaweza kurudi kwenye namba ya samaki, kutoka kwenye namba hadi picha, kutoka kwenye picha hadi nukta, na kila nukta unaweza kuikuza uone kama imekaa katikati ya doa. Mvuvi wa Kilindoni anaweza kuketi mezani hapo na kuikagua. Mtafiti huweka kila nukta akijua kwamba mtu huyo anaweza kuja, na ndiyo maana haharakishi hata moja.