Nguvu Iko Kwenye Pembe: Jinsi Mto Momba Ulivyovukwa kwa Kusimama

Siku hizi anayetoka Tunduma kwenda upande wa Rukwa kwa njia ya Kamsamba anauvuka Mto Momba akiwa kwenye gari, juu ya daraja la mita 84, na huenda asitazame hata chini. Daraja hilo limeiunganisha Kamsamba ya Wilaya ya Momba na Kilyamatundu ya ng'ambo, na kwa hilo mikoa ya Songwe, Rukwa na Katavi imefunguliana njia. Kabla ya hapo, masika yakishika, tegemeo lilikuwa mtumbwi. Watu walizama, wengine wakachukuliwa na mamba. Hakuna anayetaka siku zile zirudi. Lakini kazi waliyoifanya wavushaji wa mto ule, wamesimama ndani ya gogo lililochongwa na pondo mkononi, ilikuwa ya ufundi mkubwa, na inastahili kuchambuliwa kabla haijabaki kuwa hadithi ya wazee. Mto ule haukuvukwa kwa misuli peke yake. Ulivukwa kwa kuchagua pembe ya pua ya mtumbwi dhidi ya mkondo.

Kwanza mto. Momba huanzia nyanda za juu upande wa Zambia, karibu na Mbala, ambako huitwa Saisi, kisha hushuka hadi kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Ziwa liko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Mbozi na Ufipa zinazolizunguka zinapita mita 1,500. Maana yake kwa mtu wa Kamsamba ni kwamba mafuriko hayangoji mvua ya kwake. Mvua inanyesha huko juu usiku, na asubuhi, bondeni jua likiwaka, mto umekwisha panda, maji mekundu, magogo na matawi yakiteremka nao. Sakafu yake ni mchanga na tope visivyotulia, kwa hiyo kina cha jana si kina cha leo. Mvushaji aliyelala usingizi mzuri huamka na mto mwingine.

Sasa tuje kwenye pembe. Chukua mfano wa hesabu: mto wa upana wa mita 60, na mvushaji ambaye kwenye maji yaliyotulia anaupeleka mtumbwi mita 1.5 kwa sekunde. Mkondo ukiwa mita 1 kwa sekunde, akielekeza pua ng'ambo moja kwa moja atatumia sekunde 40 na atatua mita 40 chini ya alikokusudia. Akiigeuza pua kuelekea juu ya mto kwa nyuzi 42 hivi, mtumbwi unakwenda kimshazari, unaonekana kama unapanda mto, kumbe unahama upande tu. Atatua mkabala na alikoondokea, na safari itachukua sekunde 54. Sekunde 14 za ziada zimemwokolea mita 40 za kuburura mtumbwi kwenye matope.

Masika mambo yanabadilika. Mkondo ukifika mita 2 kwa sekunde, mto unamzidi mvushaji kasi na hakuna pembe itakayomfikisha mkabala. Akielekeza pua ng'ambo, anatua mita 80 chini. Akiielekeza juu kwa nyuzi 49 hivi, anatua mita 53 chini, na muda wote ni dakika moja. Hapo ndipo mwenye nguvu asiye na ujuzi anapoponzeka. Anaona anateremshwa, anazidisha pembe, anaelekeza pua karibu sawasawa na mkondo, nyuzi 75, na anasukuma kwa moyo wote. Matokeo yake ni kutua mita 85 chini, baada ya zaidi ya dakika mbili na nusu, tena amechoka. Ametua chini kuliko yule ambaye hakugeuza pua hata kidogo! Na muda wa kukaa katikati ya mto ndio hatari yenyewe, kwa sababu magogo yanapita katikati.

Mvushaji hakuwa na karatasi ya kufanyia hesabu hizi. Alisoma ng'ambo. Alichagua alama mbili upande wa pili, tuseme mti ulio ukingoni na mwingine ulio nyuma yake, akaangalia jinsi zinavyoachana. Zikibaki pamoja, au masika zikiachana taratibu na kwa mwendo uleule, pembe ni nzuri. Zikiachana kwa kasi, ameanza kuliwa na mkondo. Alama zikitulia kabisa huku ng'ambo haisogei karibu, amezidisha pembe na mto unamchosha bure. Hesabu yote ya mshazari imo kwenye miti miwili.

Lakini kwa nini asimame? Aliyekaa ana uthabiti zaidi, hilo halina ubishi: uzito ukiwa chini, chombo hakipinduki kirahisi, na mtumbwi wa gogo una tumbo la mviringo linalopenda kubiringika. Kusimama kunalipa kwa njia mbili. Ya kwanza ni macho. Aliyesimama anaona mbali juu ya maji, anaona gogo linalokuja, kiboko aliyetoa masikio, na mstari ule laini unaoonyesha mchanga umeinuka chini. Ya pili ni pondo lenyewe. Mtu aliyekaa hana mwili wa kuliwekea. Aliyesimama analiteremsha mpaka likagusa chini, analilaza nyuma kidogo, kisha analiegemea kwa uzito wake wote huku mikono ikipanda juu ya mti, mkono juu ya mkono. Uzito wa mwili unageuka kuwa mwendo. Mikono inashika tu. Miguu ndiyo inayosukuma mtumbwi mbele.

Jinsi pondo linavyowekwa ndipo palipokuwa na tofauti kati ya fundi na mwanafunzi. Halisimikwi wima. Likisimikwa wima, mtumbwi unalipita na mtu anabaki ananing'inia kati ya mti unaokaa na chombo kinachoondoka. Linawekwa karibu na ubavu, nyuma ya mguu wa nyuma, likiwa limelala. Kwenye tope halichomolewi kwa kuvutwa. Linazungushwa kwanza kiganjani, robo tu ya mzunguko, ili maji yaingie kwenye tundu na tope lilegee, ndipo linapanda. Likinasa kabisa, linaachwa. Kufa na pondo ni makosa ambayo mwanafunzi huonywa mapema, na ndiyo sababu kafi hulazwa miguuni hata siku ambayo hakuna anayefikiri itahitajika. Kafi hiyo ina kazi nyingine pia: katikati ya mto, pondo lisipogusa tena, ndiyo inayobaki, na mvushaji hushuka kwa goti moja kabla ya kuishika. Anapunguza urefu wake pale tu anapopoteza mguu wake wa tatu.

Miguu nayo ina kanuni zake. Haikai sambamba, wala mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari. Inakaa kimshazari, magoti yamelegea, na kiuno kinaachwa huru. Mtumbwi unaruhusiwa kucheza chini ya kiuno. Abiria wanaketi chini kabisa, mizigo katikati, na anayesimama ni mmoja tu. Mkondo unapoubana mtumbwi ubavu kwa ubavu kwenye gogo, abiria wote hutamani kuegemea upande wa pili, kulikimbia gogo. Huko ni kujipindua wenyewe: ubavu wa juu ya mto unazama, maji yanaingia, na kwisha. Sahihi ni kuegemea lile gogo. Mwili unakataa, na ndiyo maana mvushaji alikuwa na sauti ya amri ambayo hata mkubwa wa kijiji aliitii akiwa mtumbwini.

Kuna sehemu moja ya safari ambayo watazamaji huidharau, nayo kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba ujuzi wote. Kabla ya kuvuka, mtumbwi hupandishwa juu ya mto kufidia zile mita utakazoteremshwa. Tazama unapandishwa wapi: kando kabisa, umebana ukingo, tena nyuma ya kila pembe ya ardhi iliyojitokeza mtoni. Nyuma ya kila pembe kama hiyo maji hayateremki. Yanazunguka na kurudi juu. Mvushaji alipanda mto kwa kutumia maji yanayopanda. Akifika kwenye ncha ya ile pembe ya ardhi, mbele yake upo mpaka unaoonekana kwa macho, povu na mikunjo, kati ya maji yanayorudi na mkondo mkuu. Kuuvuka mpaka ule ndilo jambo gumu kuliko yote. Pua inaingia kwenye maji yanayoteremka wakati nyuma bado imo kwenye yanayopanda, na chombo kinataka kuzunguka mara moja. Fundi huingia akiwa na kasi tayari, pua karibu sawasawa na mkondo, ameulaza mwili kuelekea ng'ambo, na msukumo mmoja mrefu wa pondo huitoa nyuma ya mtumbwi kabla mto haujajua. Baada ya hapo ndipo anaifungua pembe hadi zile nyuzi zake.

Nimeisisitiza sehemu hiyo kwa sababu ndipo wavushaji wa Momba wanapokutana na watu ambao hawakuwahi kuwasikia: wale wanaosimama juu ya ubao wakiwa na kafi ndefu na kuyateleza mawimbi ya bahari. Mchezo huo ulikuwapo Waikiki, Hawaii, katikati ya karne iliyopita, na ulifufuliwa kwa nguvu miaka ya 2000 na kina Laird Hamilton na Dave Kalama. Kafi yao huzidi kimo cha mwenyewe kwa kama shubiri, na sababu ya kusimama ni ileile: macho na uzito. Aliyesimama analiona wimbi kubwa likiwa bado mbali, na analiwahi.

Mahali wanapopapenda ni kwenye rasi yenye mawimbi mazito. Wimbi hupunguza kasi maji yanapopungua kina, kwa hiyo upande uliokaribia mwamba wa rasi unabaki nyuma, upande wa kina unatangulia, na wimbi zima linapinda kuizunguka rasi. Kwenye kina cha mita 2 mwendo wake ni kama mita 4.4 kwa sekunde, na wimbi la mita 1.5 litavunjika hapohapo, maana huvunjika kimo chake kikikaribia robo tatu ya kina au zaidi kidogo. Kwa sababu limepinda, halivunjiki lote kwa pamoja. Linavunjika kuanzia kwenye rasi na kuendelea. Anayeelekeza ubao ufukweni moja kwa moja analiwa na povu. Anayekata kimshazari anaendelea, na mstari wa kuvunjika ukikaa nyuzi 45, anahitaji mita 6.2 kwa sekunde, zaidi ya kasi ya wimbi lenyewe. Kasi hiyo haitoki mikononi. Inatoka kwenye mteremko wa wimbi na pembe aliyoichagua.

Na kurudi baharini? Ubao mpana haupiti chini ya povu. Mwenye busara hapigani na mawimbi ya rasi. Anatoka kupitia pembeni, kwenye mfereji wa kina ambako maji yaliyosukumwa ufukweni yanarudi baharini. Anapanda kwa maji yanayopanda.

Kwetu rasi za namna hiyo ni chache. Mawimbi marefu ya Bahari ya Kusini huzuiwa kwa kiasi kikubwa na Madagaska, na miamba ya matumbawe huyavunja yaliyobaki kabla hayajafika ufukweni. Kilichopo ni mawimbi ya upepo wa kusi. Ziwa Rukwa nalo lina mawimbi, lakini ni ziwa la kina kifupi, hivyo mawimbi yake ni mafupi, yaliyosimama na yenye hasira, na upepo wa kusini mashariki wa kiangazi huyakuza kuelekea kaskazini magharibi, mbali na mlango wa Momba. Hayo hayatelezwi. Wavuvi huyakata kimshazari na kurudi nyumbani. Waliotaka wimbi la kusimamia katika nchi za jirani walikwenda Nile, maeneo ya Jinja nchini Uganda, ingawa bwawa la Bujagali lililokamilika mwaka 2012 lilizamisha maporomoko yaliyojulikana sana. Kwenye mto wimbi la namna hiyo hukaa mahali pamoja na maji ndiyo yanayopita. Ubao unaelekezwa juu ya mto, na ili kuhama kutoka upande mmoja wa wimbi kwenda mwingine mtu anaigeuza pua kidogo na kuuacha mkondo umsukume. Hicho ni kivuko cha Momba, hatua kwa hatua.

Kama kijana wa pwani aliyezoea ubao angetaka kujifunza kwa wavuvi wa bonde la Rukwa, pembe angeielewa upesi. Kitu ambacho ningemsihi akiache ni kamba ya ubao inayofungwa kifundoni mwa mguu. Baharini inamrudishia ubao wake akianguka. Kwenye mto wenye magogo na matawi yaliyozama kama Momba, kamba hiyo inanasa, mkondo unamlaza chini, na mkono hauwezi kufika kifundoni dhidi ya maji yanayokimbia mita 2 kwa sekunde. Wanaoteleza mitoni huifunga kiunoni, kwenye mkanda unaofunguka kwa mvuto mmoja, na huvaa pia jaketi la kuokolea. Mamba ni suala jingine, na kwa hilo sina ushauri wa kiufundi: kwenye maji ya Kamsamba ubao usiingie kabisa.